Mkopo, Ruzuku na Mtoto wa Yaeda Chini: Nani Anamdai Nani katika Elimu ya Juu?

1.0 Utangulizi

Mjadala wa fedha za wanafunzi wa elimu ya juu nchini Tanzania umekuwa, kwa muda mrefu, mjadala wa viwango. Huulizwa ni shilingi ngapi mwanafunzi apewe kwa siku, ni asilimia ngapi ya ada ilipwe, na ni asilimia ngapi ya mshahara wa mhitimu ikatwe. Maswali hayo yana uzito wake. Hata hivyo, chini yake lipo swali la msingi ambalo halijadiliwi vya kutosha, nalo ni hili: katika uhusiano wa dola na mwanafunzi, nani hasa ni mdai na nani ni mdaiwa?

Makala haya yanalitazama swali hilo kutokea Yaeda Chini, kata iliyo katika bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, mkoani Manyara. Mahali hapa pamechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa makao ya Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wakusanyaji inayokadiriwa kuwa na watu kati ya 1,000 na 1,500, ambao huishi bega kwa bega na wafugaji wa Kidatoga na wakulima wa Kiiraqw. Pili, mfumo wowote wa kitaifa hupimika vizuri zaidi pembezoni kuliko katikati, kama vile kamba ipimwavyo pale ilipo nyembamba. Hoja yetu ni kwamba mfumo wa mikopo umemgeuza msomi kuwa mdeni wa Hazina badala ya mdeni wa kijiji, na kwamba kwa mahali kama Yaeda Chini, ambako kijiji kimetoa kingi na kutuma wachache mno, haki inadai ruzuku wala si mkopo.

2.0 Kutoka Deni la Kijiji hadi Deni la Hazina

Chuo Kikuu kilipoanza Dar es Salaam mwaka 1961 kwa wanafunzi wachache wa sheria, elimu ya juu ilikuwa ni mgao wa haba. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 Serikali ilikuwa imebeba gharama za wanafunzi hao, nao walitarajiwa kulitumikia taifa baada ya kuhitimu. Falsafa ya mpango huo ilielezwa na Mwalimu Julius Nyerere katika miaka hiyo kwa mfano ambao bado unakumbukwa. Aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichosalia katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Mtu huyo akila kisha asirudi na msaada, alisema Mwalimu, ni msaliti.

Inafaa tuutafakari mfano huu kwa makini. Mdai katika mfano huu ni kijiji. Kinachodaiwa si fedha, bali ni chakula kitakacholetwa. Na msingi wa deni ni kwamba waliobaki nyumbani walijinyima. Ni deni la kimaadili lenye sura ya watu.

Deni hilo halikupokewa na wote kwa moyo mmoja. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga sharti la kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa masharti ambayo yangewapunguzia mshahara. Mwalimu aliwafukuza wapatao 400, akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata ilitolewa Elimu ya Kujitegemea, na mwaka 1974 Azimio la Musoma likataka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Mtu anaweza kuzilaumu hatua hizo kwa ukali wake. Hawezi kukana, hata hivyo, kwamba zote zilishikilia jambo moja: aliyesoma anadaiwa na wasiosoma.

Hali ilibadilika pole pole. Kutokana na msukosuko wa uchumi wa miaka ya 1980, Serikali ilitangaza sera ya kuchangia gharama mwishoni mwa muongo huo, ikaanza kuitekeleza kwa awamu katika miaka ya 1990. Awamu ya mwisho ilikuja na Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo ilianza kazi mwaka 2005. Tangu hapo deni la msomi likawa na akaunti, tarehe na asilimia. Mwaka 2016 sheria ilirekebishwa, makato ya mnufaika aliyeajiriwa yakawa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kutoka asilimia 8. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufutwa kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kurejesha nayo ikaondolewa. Nafuu hizo zilistahili shukrani. Pamoja na hayo, asili ya deni haikuguswa. Mhitimu anayefungua ofisi jijini na mhitimu anayerudi kufundisha bondeni wanakatwa asilimia ile ile, na wote wawili, siku watakapomaliza, watahesabiwa kuwa hawadaiwi tena na mtu yeyote. Kijiji kimefutwa katika daftari la wadai.

3.0 Maneno Matatu

Wanaisimu wana wajibu wa kuyachunguza maneno ambayo sera huvaa, kwa kuwa mara nyingi neno hubeba uamuzi ambao haujajadiliwa. Tuyachukue matatu.

La kwanza ni kuchangia. Katika matumizi ya kila siku, mchango ni tendo la wengi kwa ajili ya mmoja. Watu huchangia harusi, matanga au matibabu ya jirani, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Lakini katika istilahi ya kuchangia gharama za elimu, neno hili limegeuzwa kichwa chini. Anayeombwa mchango ni yule yule aliyekuwa na haja ya kuchangiwa. Mzazi wa bondeni, asiye na mshahara wala mavuno ya ziada, ameitwa mchangiaji kwa neno ambalo lugha yake ya taifa ingelitumia kumwita mchangiwa.

La pili ni kukopa. Kamusi za zamani za Kiswahili ziliweka kando ya maana ya kuazima fedha maana nyingine isiyopendeza, ya kupata kitu kwa hila. Methali nayo inaonya kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Huenda ndiyo maana wanafunzi wenyewe hawalitumii neno hili wanapozungumza. Fedha zikiingia husema bumu limetoka. Bumu si deni. Ni kishindo cha siku moja kinachosahauliwa kesho. Msimu huo wa vijana ni ushahidi wa kijamii kwamba aliyepokea hajioni kuwa amekopa, na kwamba mdai wake hana sura.

La tatu ni ruzuku, lenye mzizi mmoja na riziki. Kumruzuku mtu ni kumpa kinachomwezesha kuishi, bila kungoja kurudishiwa. Serikali inalifahamu neno hili vizuri sana. Hutoa ruzuku kwa vyama vya siasa, hutoa ruzuku ya mbolea, hutoa ruzuku kwa halmashauri. Hata katika elimu ya juu ruzuku ipo: tangu mwaka 2022 upo ufadhili uitwao Samia Skolashipu, unaotolewa kwa waliopata alama za juu katika masomo ya sayansi kwenye mtihani wa kidato cha sita. Hatuna ugomvi na ufadhili huo. Tunataka tu msomaji aone mpangilio unaotokana nao. Aliyefaulu kupita wote, ambaye mara nyingi ndiye aliyesoma penye maabara na walimu wa kutosha, hupewa. Aliye mhitaji hukopeshwa. Ruzuku imefungwa kwenye alama, na mkopo umefungwa kwenye umaskini.

4.0 Uhitaji Unavyopimwa

Bodi haitoi mikopo kwa kila mwombaji. Huwatafuta wahitaji, na huwatambua kwa nyaraka. Mwombaji hujaza maombi kwa mtandao na kulipa ada ya maombi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 30,000. Huambatisha cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Akiwa yatima huleta cheti cha kifo cha mzazi. Ikiwa kaya yao husaidiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, huonyesha uthibitisho wake. Lazima awe na mdhamini, na fomu yake isainiwe na viongozi wa serikali ya mtaa au kijiji na kuthibitishwa na wakili au hakimu.

Kila sharti, likisimama peke yake, lina sababu. Fedha ni za umma, na udanganyifu upo. Lakini yakijumlishwa, masharti hayo yanamtaka mtu athibitishe umaskini kwa vyombo vya wasio maskini. Mtoto aliyezaliwa kambini porini hakuzaliwa mbele ya msajili. Mzazi aliyefia kambini hakuandikiwa cheti, na kwa hiyo mwanawe ni yatima kwa majirani wote lakini si yatima kwa Bodi. Kaya inayohama kufuata asali, mizizi na wanyama haikai mahali pamoja ikingoja kuandikishwa. Fomu ikiuliza kazi ya mzazi, kijana ataandika nini? Akiandika mkulima amesema uongo, na akiandika mwindaji ameandika neno ambalo halina mahali pake katika jedwali la vipato. Wakili hayupo bondeni, wala mtandao si wa kutegemewa. Safari ya kupanda hadi Mbulu au Haydom kutafuta muhuri ni gharama ambayo hakuna kipengele cha mkopo kinachoirudisha.

Tena tusisahau kwamba anayefika kwenye fomu hiyo ni yule aliyevuka vichujio vyote vya awali. Wilaya ya Mbulu ni pahali adimu kiisimu. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, Kidatoga ni ya Kiniloti, Kihadzabe kwa maoni ya wataalamu wengi hakina ndugu anayejulikana, na Kiswahili ni cha Kibantu. Mtoto wa Kihadzabe huanza darasa la kwanza kwa lugha ya pili, kisha akiingia kidato cha kwanza hukabidhiwa Kiingereza, ambacho kwake ni cha tatu. Kufutwa kwa ada za kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia Januari 2016, na za kidato cha tano na sita kuanzia mwaka 2022, kumeondoa kikwazo kimoja. Hakukuondoa lugha, wala umbali, wala njaa ya msimu, wala upweke wa mtoto aliye peke yake wa jamii yake katika bweni zima. Wahadzabe waliofika chuo kikuu ni wachache mno. Idadi hiyo haielezi akili za watoto. Inaeleza njia waliyopitishwa.

Hapa ndipo mfano wa kijiji chenye njaa unapoturudia kwa nguvu. Katikati ya miaka ya 1960 Serikali iliwakusanya Wahadzabe Yaeda Chini, ikawajengea makazi na huduma. Wengi waliugua maradhi ya kuambukiza, wengine wakafa, na waliobaki wakarudi porini. Katika miongo iliyofuata ardhi yao iliendelea kupungua kwa kilimo na malisho. Miongoni mwa waliosogea bondeni walikuwamo Wadatoga, ambao nao walikuwa wamepoteza malisho bora ya Hanang kwa mashamba makubwa ya ngano ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, yaliyoendeshwa kwa msaada wa Kanada tangu miaka ya 1970. Ngano hiyo ililisha miji, na miji ndiyo iliyojaza vyuo. Kwa hiyo chakula kilitolewa, tena kingi. Ila msafiri aliyepewa chakula hicho hakuteuliwa kutoka kwao. Kumwambia leo kijana wa kwanza wa ukoo wake kufika chuo kwamba anadaiwa na taifa ni kuisoma hesabu kuanzia ukurasa wa mwisho.

5.0 Bonde Linaloruzuku

Wapo watakaosema kwamba jamii ya namna hii haijui thamani ya elimu, na kwamba fedha pekee hazitasaidia. Ushahidi wa miaka ya karibuni unapingana na dhana hiyo. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja kwa eneo la hekta zipatazo 20,000. Katika miaka hiyo hiyo vijiji vya bondeni viliingia katika mradi wa hewa ya ukaa, ambapo hulipwa kwa kuitunza misitu yao. Sehemu ya mapato hayo imetumika kwa afya na kwa mahitaji ya watoto walioko shuleni.

Tuseme wazi maana ya jambo hili. Watu wanaohesabiwa kuwa miongoni mwa maskini kabisa katika Jamhuri wanawasomesha watoto wao kwa ruzuku, ilhali dola yenye Hazina huwasomesha kwa mkopo. Wala hili si ajabu kwa anayezijua desturi zao. Mwanaanthropolojia James Woodburn, aliyeishi na Wahadzabe tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, ameeleza jinsi nyama ya mnyama mkubwa inavyogawanywa kambini bila aliyepokea kuwa mdeni wa aliyewinda. Hatusemi kwamba Hazina iendeshwe kama kambi ya wawindaji. Tunasema kwamba anayekuja chuoni kutoka katika jamii hiyo anakutana na deni la fedha kwa mara ya kwanza mkononi mwa Serikali yake, na hilo ni jambo linalostahili kutafakariwa na waliotunga sera.

6.0 Pingamizi na Majibu

Pingamizi la kwanza ni la uendelevu. Mkopo ukirejeshwa humsaidia mwingine, ruzuku ikitolewa imekwisha. Hoja hii ni nzito panapohusika maelfu ya wanafunzi, na kwa sababu hiyo hatupendekezi mikopo ifutwe kwa wote. Wanaozungumziwa hapa ni wachache kiasi kwamba gharama yao haiwezi kuutikisa mfuko wa Bodi. Hata kisheria Bodi haizuiwi na dhana ya ruzuku. Kinachokosekana ni uamuzi.

Pingamizi la pili ni la haki kati ya maskini. Kwa nini mtoto wa Yaeda Chini aruzukiwe na yatima wa Temeke akopeshwe? Na je, upendeleo wa aina hii hautafufua ukabila ambao taifa limejitahidi kuuzika? Hili ndilo pingamizi tunaloliheshimu zaidi. Jibu letu ni kwamba kigezo kisiwe kabila. Kiwe ni kata na shule. Mtoto aliyesoma shule ya msingi na sekondari katika kata zilizothibitika kutopeleka wanafunzi chuoni kwa miaka mingi astahili, awe Mhadzabe, Mdatoga, Mwiraqw au Mnyisanzu. Utaratibu huu si mgeni. Katika miaka ya 1970 Tanzania iligawa nafasi za kidato cha kwanza kwa kuzingatia mikoa na wilaya, ili maeneo yaliyoachwa nyuma na ukoloni nayo yapate. Hakuna aliyeuita ukabila.

Uganda inatupa funzo na onyo kwa pamoja. Tangu mwaka 2005 nchi hiyo imetenga sehemu ya ufadhili wa Serikali katika vyuo vikuu vya umma kwa mgao wa wilaya. Lawama kubwa iliyoufuata mpango huo ni kwamba vijana waliosoma katika shule bora za Kampala na kandokando yake walizitumia wilaya za asili ya wazazi wao kuchukua nafasi za waliobaki huko. Ndiyo maana tunasisitiza mahali mtoto alikosomea, si mahali babu yake alikozaliwa.

Pingamizi la tatu hutoka upande wa pili: je, anayepewa ruzuku asifungwe kwa sharti la kurudi? Tunadhani hapana. Yaliyotokea mwaka 1966 yanatosha kutuonya juu ya utumishi wa kulazimishwa. Mtoto wa Ilala hatakiwi na mtu kurudi Ilala. Kijana wa bondeni akitaka kuwa mhandisi Mwanza, awe. Anayedaiwa na kijiji atajua mwenyewe namna ya kukilipa, na kijiji nacho kitajua namna ya kumkumbusha. Deni la namna hiyo halihitaji asilimia 15.

7.0 Hitimisho

Mapendekezo yanayotokana na hoja hizi ni manne. Mosi, Bodi itenge dirisha la ruzuku kamili kwa wahitimu wa shule za kata zilizo pembezoni kabisa, kata hizo zitajwe hadharani na orodha yake ipitiwe kila baada ya muda. Pili, ruzuku hiyo ianze kidato cha kwanza, katika chakula cha bweni, nauli na sare, kwa maana mfereji haujazwi maji kuanzia mwisho wake. Tatu, ushahidi wa mkutano mkuu wa kijiji ukubaliwe mahali pa vyeti ambavyo havikuwahi kutolewa. Kijiji kinachoweza kumiliki hekta 20,000 kwa hati kinaweza pia kusema nani ni yatima. Nne, vyuo vikuu vyenyewe, na hasa idara za Kiswahili, vishiriki kuziandika upya fomu na maelekezo ya maombi kwa Kiswahili ambacho mzazi asiyesoma akisomewa atakielewa, na kuzitafiti lugha za bonde hilo kabla watoto hawajazihesabu kuwa mzigo.

Pendekezo la nne linatuhusu sisi wenyewe. Tumeandika mengi kuhusu istilahi za sayansi na sheria. Istilahi za fedha za wanafunzi, ambazo huamua nani atakaa mbele yetu darasani, tumewaachia wahasibu. Maadamu neno mchango litaendelea kumaanisha kumtoza asiye nacho, na neno mhitaji kumaanisha mwenye vyeti vya kutosha, viti vya watoto wa Yaeda Chini katika kumbi zetu za mihadhara vitabaki vitupu, nasi tutaendelea kudhani kwamba hawakuomba.